Sanduku la vitesi linalokataa kuzunguka

Ninyi watu wa vijiji mnaopeleka mahindi, mihogo na karanga kwa miji ya migodi, sikilizeni. Somo hili si juu ya jembe, ni juu ya kamyo. Njia ya reli toka Bukama mpaka Ilebo ilimalizika mwaka 1928, lakini gunia haliendi stesheni kwa miguu yake. Kamyo ikilala mwezi mzima juu ya sanduku la vitesi, fukusi wanakula mahindi ghalani, na mnunuzi anakwenda kijiji kingine.

Kufungua sanduku la vitesi, watu wengi wanajua. Kulifunga tena, ndipo shida inapoanza. Niliona kijiji kimoja ambacho watu wake walinunua kamyo kwa pesa za wote. Wanaume watatu wakafungua sanduku, wakaweka rulemani mpya, wakafunga siku ileile. Walipojaribu kuzungusha kwa mkono, likakataa. Mmoja akasema: «Acheni, motere ina nguvu, italilainisha.» Wakalipandisha, wakawasha. Shofere alipoachia ambreyaji tulisikia sauti moja tu, kama mti uvunjikao. Sanduku lilipasuka tumboni na mafuta yote yakamwagika chini. Mavuno ya mwaka mmoja yakaenda kulipa sanduku lingine. Na kosa lilikuwa nini? Sindano moja ya chuma, ndogo kama kijiti cha kiberiti, ilikuwa imeanguka kati ya meno.

Basi shika neno hili mbele ya yote: sanduku lisilozunguka kwa mkono, usilipe motere. Lifungue tena.

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi. Katika Katanga mvua huanza karibu mwezi wa 11, huisha karibu mwezi wa 4. Kati ya hapo una nafasi. Lakini kiangazi kina mavumbi mekundu, na mavumbi yanakula rulemani. Tandika turubai safi, osha kila chuma kwa petroli, funika kwa nguo. Unapofungua, panga vyuma kwa mstari jinsi vilivyotoka, wala usigeuze hata kimoja. Watoto wasiguse. (Kuku pia. Usicheke, nimekwisha kuona kuku akichukua rondela.)

Sasa, juu ya sindano. Mhimili wa mbele, unaotoka kwa motere, una tundu nyuma yake. Ncha ya mhimili mkubwa wa nyuma inaingia ndani ya tundu lile, na katikati yao kuna sindano nyingi za chuma zinazozunguka. Zihesabu wakati wa kufungua, uandike hesabu yake kwa chaki juu ya ubao. Wakati wa kufunga, paka grisi nzito ndani ya tundu, bandika sindano moja moja, uhesabu tena. Moja ikikosa, usiseme «si kitu». Itafute tumboni mwa sanduku kwa sumaku mpaka uione.

Mhimili wa chini, ule wenye pinyo nyingi zilizoungana, nao una taabu yake. Kila upande kuna rondela yenye ulimi mdogo unaoingia katika mfereji wa sanduku. Unapoinua mhimili, rondela inaanguka au ulimi unatoka mahali pake, nawe huoni. Ibandike kwa grisi pia, kisha angalia kwa taa. Rondela ikiwa imepinda, pinyo zinasukumwa upande mmoja na kusugua sanduku. Ikiwa haipo kabisa, mhimili unacheza mbele na nyuma, na vitesi inaruka yenyewe kamyo ikiwa katika mtelemko na mzigo juu yake. Hapo watu wanakufa.

Kifuniko cha rulemani ya mbele, wengi wanakikaza bila kufikiri. Katika kamyo nyingi kina tundu dogo la kurudisha mafuta. Tundu lile likae chini, lilingane na tundu la sanduku, wala karatasi ya kuziba isilifunike. Ukikigeuza, mafuta yatapita mbele mpaka ambreyaji, nayo itateleza. Tena kaza bulo kidogo kidogo, huku mwenzako akizungusha mhimili. Kama unazunguka vema bulo zikiwa legevu, na unakwama zikikazwa, umepata mahali pa kosa: rulemani haikuingia mpaka mwisho, au karatasi ni nyembamba kuliko ile ya kwanza. Kama unakwama hata bulo zikiwa legevu, rudi kwa mhimili wa chini.

Kisha kifuniko cha juu, chenye panda za chuma zinazosukuma pinyo. Weka pinyo zote kati, pasipo vitesi yo yote, na panda zote kati vilevile, ndipo ukishushe. Kila panda iingie katika mfereji wa pinyo yake. Panda ikikaa kando ya mfereji, fimbo ya vitesi itatembea lakini vitesi haiji. Na kati ya reli za panda kuna kidole kidogo au vigololi vya chuma: kazi yake ni kuzuia vitesi mbili zisishike pamoja. Ukivisahau, siku moja zitashika mbili na sanduku litafunga kama mlango.

Mbele ya kulipandisha, jaribu kila vitesi kwa mkono. Katika kamyo nyingi za vitesi 4, ya nne ni moja kwa moja: mbele mara moja, nyuma mara moja. Ya kwanza, zungusha mbele mara 6 au 7 hivi ili nyuma izunguke mara moja. Ya kurudi nyuma inageuza upande wa pili. Vitesi isiyoingia mpaka mwisho, au inayotoka ukiivuta kidogo, mara nyingi pinyo yake imewekwa kinyume. Ndiyo sababu nilisema upange kwa mstari.

Kupandisha ni kazi ya watu watatu na miti imara. Zuia magurudumu kwa mawe, na mtu asilale chini ya sanduku linaloshikwa na kamba tu. Mhimili uingie katika ambreyaji kwa mkono. Ukikataa, tia vitesi ya nne, zungusha kidogo kwa nyuma mpaka meno yaonane. Usilivute kwa kukaza bulo, utavunja masikio yake. Wala usiliache lining'inie, maana sahani ya ambreyaji itapinda.

Tia mafuta mazito ya sanduku la vitesi mpaka yafike tundu la kando. Mawese hapana, hata kama yako bure: yanachacha na kuganda.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo. Ukisikia kelele katika vitesi zote isipokuwa ya nne, ni mhimili wa chini. Ukirudi, toa mafuta kidogo kwa bulo ya chini, uyaangalie juani. Unga mwembamba unaong'aa si neno. Vipande unavyoweza kushika kwa kucha, fungua tena kesho asubuhi, kabla hujapakia gunia hata moja.