Dondoo muhimu: Gita la nailoni la bei nafuu

Gita la klasiki la bei nafuu, kama Yamaha C40, linatosha kumfikisha mbali anayeanza. Nyuzi zake ni laini kwa vidole, na sauti yake ya upole haisumbui majirani. Lipende, ulitunze.

• Kagua kabla ya kulipa. Itazame shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani: isiwe imejipinda. Piga kila uzi kwenye kila freti. Ukisikia mkwaruzo, jaribu gita jingine. Kwenye freti ya 12, uzi mnene usiinuke zaidi ya milimita 4 hivi, la sivyo vidole vitachoka.

• Usifunge nyuzi za chuma kamwe. Mvuto wake ni mkali mno; zinaweza kung'oa daraja na kupinda shingo.

• Zivumilie nyuzi mpya. Nailoni hunyooka kwa siku kadhaa. Tyuni tena na tena (E, A, D, G, B, E) hadi zitulie.

• Badilisha nyuzi zikififia. Seti mpya hulirudishia gita uhai kwa gharama ndogo.

• Liepushe na jua na gari lililofungwa. Joto hulegeza gundi. Ukimaliza kupiga, futa jasho kwa kitambaa kikavu.

• Keti vizuri. Weka mguu wa kushoto juu ya kigoda na gita juu ya paja hilo. Dakika 15 za mazoezi kila siku zina faida zaidi kuliko saa mbili za Jumapili.