Moyo Kwenda Mbio na Kizunguzungu

Mama anapanda kilima na debe la maji. Moyo unadunda, kizunguzungu kinamshika. Majirani husema, "Ni presha hiyo." Yaweza kuwa, au ni njaa na wasiwasi tu, lakini kwa akina mama wengi ni upungufu wa damu. Damu ikipungua, moyo hulazimika kupiga haraka ili hewa safi ifike mwilini. Shusha ngozi ya chini ya jicho: ndani pakiwa peupe, aende zahanati apimwe damu. Malaria, safura, mimba na hedhi nzito huipunguza. Ale mboga za majani na maharagwe, chai angoje saa moja baada ya chakula (hapo wengi watanikasirikia!). Akizimia au kifua kikimuuma, msingoje mkutano wa kikundi. Mpelekeni hospitali mara moja.