Chakula Kwanza, Maswali Baadaye

Andiko la kusoma: 1 Wafalme 19:1–18

Tukisoma habari za Eliya, wengi wetu tunakimbilia upepo na moto kule Horebu. Juma hili tusimame kidogo chini ya mretemu. Nabii amechoka, ana hofu, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamletea tena. Kuulizwa anafanya nini huko kulikuja baada ya siku 40 za safari.

Utaratibu huo nimeuona nyumbani kwangu mwaka huu, na aliyetufundisha ni mtoto wa paka.

Mama yake aligongwa na gari, yeye akabaki nyuma ya tangi letu la maji, umri kama miezi miwili. Ukimkaribia anafura manyoya na kupotelea chini ya mbao. Paka huwazoea watu kwa urahisi akiwa na wiki 2 hadi 7 hivi, kwa hiyo huyu wetu alikuwa amechelewa. Aliyeomba tumlee ni mjukuu wa dada yangu, msichana wa miaka 9, aliyekuja kwetu baada ya kufiwa na mamake. Yeye mwenyewe alikuwa haongei sana. Tulifanya hivi:

1. Tulimpa pa kujificha. Tulilaza katoni kwa ubavu ndani ya stoo, na leso kuukuu ndani yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumvuta atoke. Mwoga mwenye pa kukimbilia hutulia upesi.

2. Tulimlisha saa zile zile. Omena za kuchemsha bila chumvi, vipande vya nyama, na maji safi. Maziwa ya ng'ombe hapana, kwa sababu huwaharisha wengi.

3. Tulikaa chini. Mtu aliyesimama ni mlima kwa kiumbe kidogo. Msichana aliketi kwenye mkeka akisoma kitabu chake cha shule kwa sauti ya chini, bila kumkodolea macho. Kwa paka, kukodolewa ni vitisho. Ukifumba macho polepole unamwambia kuna amani.

4. Tulimwacha aanze yeye. Akishanusa kidole, unamgusa shavu au chini ya kidevu, kidogo tu, kisha unaacha. Tumbo usiguse.

(Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali. Paka pia huambukiza kichaa cha mbwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe.)

Siku ya 12 alikula mkononi. Wiki iliyofuata, jioni moja nikiwa jikoni, nilimsikia msichana akimsimulia paka habari za mamake. Hatukuwa tumemuuliza. Nilizima jiko nikanyamaza. Siku chache baadaye alikuja mwenyewe kumsimulia mke wangu.

Sasa tujiangalie. Mgeni anakuja Jumapili, anaketi nyuma karibu na mlango. Sisi tunamsimamisha mbele ya watu, tunampa maikrofoni, na kabla chai haijapoa tunataka kujua ameolewa wapi na aliacha kanisa gani. Jumapili ijayo hayupo, tunasema hakuwa na kiu ya Neno. Kumbe kile kiti cha mlangoni ndicho kilikuwa katoni yake. Mwache akikalie. Mpe chai. Likumbuke jina lake wiki ijayo.

Lakini tusikomee kwenye chai. Mungu hakumwacha Eliya chini ya mti. Alimuuliza, akamsikiliza, akamrudisha kazini na kumpa Elisha. Upole usiofika kwenye mazungumzo humwacha mtu peke yake ijapokuwa ameshiba.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

• Nani nyumbani mwako amenyamaza siku nyingi? Umempa nini kabla ya kumuuliza?

• Je, yuko mtu uliyemlisha ukasahau kumsikiliza?

Kazi ya juma: chagua mtu mmoja mwenye hofu. Mtendee jambo dogo, saa ile ile, siku 7 mfululizo, bila swali lolote. Siku ya nane, keti naye.