Kalori za Sufuria: Kijitabu cha Kupunguza Uzito kwa Kaya za Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mtu akisema anataka kupungua, ushauri wa kwanza anaopewa ni aache ugali. Anauacha siku nne. Ya tano njaa inamzidi, anamaliza maandazi matano na chai. Kijitabu hiki hakimkatazi mtu chakula cha kwao. Kinaeleza namna ya kuhesabu nguvu inayoingia kwenye sufuria, ili upunguze pale inapojificha.

Hesabu hii ni ya nani?

Ruvuma inalisha mikoa mingine kwa mahindi yake, na bado utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta zaidi ya watoto 4 kati ya 10 mkoani wamedumaa. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa nchini kote asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 22. Mama aliyezidi uzito na mtoto aliyedumaa wanaweza kuwa wanakula sinia moja. Kwa hiyo usimpunguzie mtoto chakula kwa sababu ya hesabu yako. Mjamzito na anayenyonyesha hawahusiki, na anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na mhudumu wa afya, maana sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Kujijua, gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu uleule. Mwenye kilo 72 na urefu wa mita 1.60 anapata 28. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo.

Pima kabla ya kupika

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, ya pombe 7, ya mafuta 9. Maji hayana kitu, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanataka kupima ugali ukiwa sahani, wakati ugali wa nyumba hii ni mgumu na wa jirani ni laini. Unga haudanganyi. Kilo moja ya sembe ina kalori karibu 3,600, uusonge utakavyo. Dona haipishani nayo sana, ila inashibisha zaidi. Unga wa muhogo wanaoutumia kule ziwani nao uko karibu na hapo. Kilo ya maharage makavu ni karibu 3,400, ya sukari karibu 3,900.

Mizani ya jikoni si lazima. Siku ukinunua kilo moja ya unga iliyopimwa dukani, hesabu inajaza vikombe vingapi vya kikombe chako. Kikombe hicho usikibadilishe tena.

Tuchukue chakula cha jioni cha watu wazima watano. Unga kilo moja, 3,600. Maharage nusu kilo, 1,700. Mafuta ya kuungia vijiko sita vya chakula, kila kijiko kalori 120, jumla 720. Nyanya na vitunguu viache, havibadilishi hesabu. Sufuria zote mbili zina 6,020. Kila mmoja, kama wanakula sawa, ni karibu 1,200. Sasa punguza unga uwe robo tatu na mafuta yawe vijiko viwili, maharage yabaki yalivyo. Jumla inashuka hadi 4,640, yaani 928 kwa mtu. Jazia nafasi kwa chainizi, mchicha au majani ya maboga. Kwa mlo huo mmoja tu, mtu anaweza kupungua karibu robo kilo kwa wiki mwanzoni. Baadaye kasi hupungua, kwa kuwa mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo. Usidhani hesabu imekosea.

Na kama watoto wapo, wapakulie wao kwanza, uwaongezee karanga za kutwanga. Gramu mia za karanga zina kalori karibu 570: neema kwa mtoto, ila kwako wewe kijiko kimoja kinatosha.

Mafuta

Kama utahesabu kitu kimoja tu, hesabu mafuta. Mpishi akimimina moja kwa moja kutoka kwenye kidumu, hakuna ajuaye ni vijiko vingapi. Andika tarehe kwenye kidumu siku unapokifungua. Lita 5 zina kalori karibu 41,000. Zikiisha kwa siku 30 katika nyumba ya watu watano, kila mmoja amekula karibu 270 kwa siku kwa mafuta peke yake. Zikiisha kwa siku 15, ni zaidi ya 540, na mtu huyo bado atasema anakula kidogo. Malipo ya kahawa yakiingia, tarehe hizo husogeleana sana.

Usipa wa Mbamba Bay au Liuli akichemshwa na nyanya ni chakula chepesi chenye protini nyingi. Akikaangwa, pima mafuta kabla ya kuweka kikaangoni, na ukimaliza yarudishe kwenye chupa uone yamepungua kiasi gani. Yaliyopungua mengi yameingia kwenye samaki.

Asubuhi, kiazi kitamu au gimbi la kuchemsha badala ya maandazi linakuepusha na mafuta hayohayo.

Kazi na maneno ya watu

Anayechimba ngoro kwenye miteremko ya Umatengo hawezi kula sawa na mwenye duka mjini. Wengi tumeacha jembe, mlima tunaupanda kwa bodaboda, lakini bonge la ugali limebaki la mchimba ngoro. Ulanzi na pombe nyingine nazo ziingie kwenye hesabu, ingawa wanywaji watabisha.

Ukianza kupungua, watu watauliza una nini, kwa sababu kunenepa bado kunaitwa kunawiri. Pima uzito zahanati mara moja kwa mwezi, uandike kwenye daftari. Afisa lishe wa halmashauri anaweza kukusaidia kusoma majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008. Lakini anayepungua bila kubadilisha chakula wala kazi asifurahie: aende akapimwe.