Gunia Lifike Sokoni: Piga Hesabu ya Nauli Kabla ya Kukubali Bei

Ukipita Kabondo au Oyugis, kaunti ya Homa Bay, siku ya soko, utaona akina mama wanatembea na viazi vitamu kichwani huku pikipiki zikiwapita. Ukivuka hadi Rongo na Awendo, kaunti ya Migori, hali ni ile ile. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na boda boda zikajaa vijijini. Lakini wenye kuziendesha, karibu wote, ni wanaume. Hata nyumba ikiwa na pikipiki, mara nyingi baba ameenda nayo, na mama aliyelima analipa boda ya jirani.

Ndiyo maana dalali akija shambani, mama anakubali bei yoyote. Akienda sokoni mwenyewe, lazima arudi mapema kupika na kuteka maji, kwa hivyo saa tisa anauza kwa hasara.

Leo tujifunze hesabu moja. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za kwenu.

Ukiwa peke yako. Dalali anakupa shilingi 1,500 kwa gunia. Sokoni ni 2,200. Toa boda ya gunia 300, nauli yako kwenda na kurudi 200, ushuru wa soko 50. Unabaki na 1,650. Umepata 150 zaidi, na siku nzima imeisha.

Mkiwa wanne. Kodini pikapu kwa 800, magunia manne. Mmoja wenu anaenda nayo, na nauli yake ya kurudi ni 100. Kila mtu anatoa 200 ya pikapu, 25 ya nauli na 50 ya ushuru. Unabaki na 1,925. Hiyo ni 425 zaidi ya bei ya dalali, na watatu wamebaki shambani.

Sasa, simu inasaidia wapi?

1. Changeni nauli kwa simu jioni kabla ya safari. Anayekosa kutuma, gunia lake halipandi.
2. Mlipeni dereva nusu mkipakia, nusu mzigo ukishushwa.
3. Aliyeenda sokoni amtumie kila mmoja pesa zake siku hiyo hiyo. Kumbukeni kutoa ada ya kutuma.
4. Pesa ziingie kwa laini yako mwenyewe, si ya mtu mwingine. Jasho ni lako, na rekodi iwe yako.
5. Usimpe mtu PIN, hata aliye nyumbani. Angalia salio kabla ya kuachilia mzigo; ujumbe peke yake unaweza kuwa feki.

Simu haitengenezi barabara, wala haimpi mama pikipiki. Lakini dalali akija tena, utakuwa unajua gunia lako lina thamani gani. Mama, kabla ya kusema "sawa", piga hesabu kwanza.