Ametembea, Hajatembea: Hatua za Mpira wa Vikapu na Haki ya Refa

Kama umewahi kukaa mbele ya televisheni na watu watatu wanne wakitazama mpira wa vikapu wa Marekani, ule wa ligi iitwayo NBA, basi bila shaka umesikia kelele hii: "Ametembea huyo! Kwani refa haoni?" Naye mwingine hudakia, "Ah, wale ni mastaa bwana, hawapigiwi kipenga." Hapo mjadala huwaka moto, na mchezo wenyewe ukasahaulika kabisa.

Katika makala hii ningependa kuichambua hoja hiyo, kwa maana ina vipande viwili na watu huvichanganya kama mchele na mchanga. Kipande cha kwanza ni cha sheria: je, kanuni inaruhusu hatua ngapi? Cha pili ni cha haki: je, refa humpigia kipenga kila mtu sawasawa? Mtu anaweza kuwa amekosea kuhusu kipande cha kwanza na bado akawa na haki ya kuuliza kile cha pili. Nitaanza na sheria.

Mchezo huu ulibuniwa Desemba 1891 na James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts huko Marekani. Alikuwa ametakiwa kutafuta mchezo wa kuchezewa ndani wakati wa baridi, usiokuwa na vurugu. Basi Naismith akawaza hivi: katika raga na katika kandanda ya Wamarekani, watu huangushana kwa sababu mwenye mpira hukimbia nao. Mzuie kukimbia, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kumrukia. Ndipo kati ya kanuni zake 13 akaandika kwamba mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira. Sharti aurushe kutoka palepale alipoudakia. Hata kudunda mpira hakukuwemo katika kanuni hizo za mwanzo.

Lakini hapohapo akaongeza jambo jingine: yule anayedaka akiwa katika mbio avumiliwe kidogo, mradi ajaribu kusimama. Jamani! Kuvumiliwa kidogo ni hatua ngapi? Mzee hakusema. Zaidi ya miaka 130 imepita na tungali tunahesabu.

Waingereza na Wamarekani huliita kosa hili "kusafiri". Sisi husema kutembea na mpira, na kwa maoni yangu sisi ndio tuliolenga vyema zaidi, kwani hatua mbili tatu si safari.

Sasa tuingie darasani. Mchezaji aliyesimama na mpira mikononi ana mguu mmoja ambao haruhusiwi kuuinua na kuurudisha chini huku angali na mpira. Mguu ule mwingine anaweza kuuzungusha apendavyo. Mimi hupenda kuuita ule usiohama mguu wa nanga, kwa sababu kazi yake ni kama ya nanga ya jahazi: chombo hugeuka huku na huku lakini hakiendi popote. Hapa hakuna mzozo mkubwa.

Mzozo uko kwa mchezaji anayekimbia. Huyu anadunda, anadunda, kisha anaushika mpira ili arushe kikapuni au ampe mwenzake. Kile kitendo cha kuacha kudunda na kuushika mpira ndicho kiini cha mjadala wote. Kwa vile sijaona neno ambalo wengi wamekubaliana juu yake, katika makala hii nitakiita tuo, yaani pale mpira unapotua mkononi na kutulia. Unaweza kutua katika mikono miwili, au hata katika mkono mmoja ukiwa umepakatwa kutoka chini. Kabla ya tuo mchezaji yumo katika kudunda, na mwenye kudunda hahesabiwi hatua. Akitaka aende hatua kumi kati ya mdundo na mdundo. Hesabu huanzia kwenye tuo.

Hebu tufuate polepole. Mguu wa kulia uko chini, na wakati uo huo mpira unatua mikononi. Mguu huo wa kulia hauhesabiwi kwa sababu ulikuwa chini tayari. Kisha wa kushoto unakanyaga: moja. Kisha wa kulia: mbili. Sasa lazima mpira uwe umetoka mkononi kabla mguu wowote haujagusa sakafu tena. Yule mtazamaji wetu kwenye kochi ameona kulia, kushoto, kulia, naye kapaaza sauti: "Tatu hizo!" Macho yake hayakumdanganya, kwa kweli miguu imekanyaga mara tatu. Ila alianza kuhesabu mapema, kabla sheria haijaanza kuhesabu.

Jambo hili halikuwa wazi hivyo siku zote. Hadi mwaka 2009 kitabu cha kanuni cha NBA kilizungumzia mdundo wa hesabu ya mbili, maneno ambayo kila mtu aliyafasiri alivyotaka. Mwaka huo ligi ikaandika waziwazi kwamba hatua mbili zinaruhusiwa. FIBA, ambalo ndilo shirikisho la mchezo huu ulimwenguni, likabadilisha kanuni yake kuanzia Oktoba 2017, nalo likakubali kwamba mguu ulio chini wakati wa tuo usihesabiwe. Wachezaji wengi huuita hatua sifuri. Halafu mwaka 2019 NBA ikaongeza maelezo ya tuo lenyewe katika kitabu chake. Kwa hivyo wale wanaodai kwamba Wamarekani wana sheria yao ya kutembeatembea na sisi wengine tuna yetu takatifu, wamechelewa. Mashindano ya shule zetu hufuata kanuni za FIBA, na mchezaji wa shule leo ana haki ya hatua sifuri kama alivyo mchezaji wa Chicago.

Hata hivyo nisije nikaonekana wakili wa NBA. Kuna kosa moja ambalo halina utetezi. Mchezaji amesimama, ana mpira, anataka kuanza kudunda. Kanuni zote mbili zinasema mpira utoke mkononi kwanza ndipo mguu wa nanga uinuke. Tazama mechi yoyote uone wangapi huinua mguu kwanza, na kipenga hakilii. Hapo mpiga kelele wa kwenye kochi ana haki yake.

Sasa tuje kwenye haki. Tarehe 4 Januari 2009, timu ya Cleveland Cavaliers ilikuwa ugenini dhidi ya Washington Wizards. Zikiwa zimebaki sekunde chache tu na mchezo ukiwa bado una wenyewe, LeBron James alikimbilia kikapu, akaruka na kutia mpira ndani. Kipenga kikalia: ametembea! Wizards wakashinda 80 kwa 77. LeBron alilalamika sana. Alidai kwamba huo ulikuwa mtindo wake wa kudunda, alioupa jina la kaa, yule mnyama wa pwani atembeaye kwa ubavu. Nami kila nikiukumbuka mkasa huo hucheka, maana ukitaka kumtetea mtu asiambiwe ametembea, usimfananishe na mnyama ambaye sifa yake kubwa ni namna anavyotembea! Lakini la muhimu ni hili: aliyepigiwa kipenga alikuwa nyota mkubwa kuliko wote waliokuwa uwanjani, tena mwishoni kabisa mwa mchezo. Anayesema mastaa hawapigiwi kamwe hana budi kulieleza tukio hili.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Desemba 2018, James Harden wa Houston Rockets alikuwa akikabiliana na Utah Jazz. Akaushika mpira, akarudi nyuma hatua moja, nyingine, na nyingine, kisha akarusha. Kimya. Chama cha marefa wa ligi hiyo baadaye kilikiri hadharani kwamba yule bwana alitembea, kikaeleza pia kwamba ni tukio gumu kulinasa kwa kasi ya mchezo. Watu wengi walikicheka. Mimi sikukicheka. Fikiria kazi ya mtu huyu: tuo liko mikononi na hatua ziko miguuni, na ana jozi moja tu ya macho. Akitazama mkono, mguu unampita. Akitazama mguu, hajui mpira umetua lini. NBA imetumia marefa watatu tangu msimu wa 1988 hadi 1989, na bado wote watatu huweza kupitwa. Sisi tulioko nyumbani huonyeshwa picha ileile mara nne, polepole, kisha tunajiita wajuzi.

Kupitwa na jicho ni jambo moja. Kupindwa moyo ni jambo lingine. Mwaka 2007 refa Tim Donaghy alikiri mahakamani mashtaka yaliyohusu kamari ya mechi za ligi hiyohiyo aliyokuwa akiiamua, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Huyo hatuna haja ya kumjadili. Nani atamtetea?

Kilicho kigumu zaidi ni upendeleo ambao hata mwenye kuufanya haujui. Wasomi wawili, Joseph Price na Justin Wolfers, walichunguza misimu 13 ya NBA, kuanzia 1991 hadi 2004. Walichohesabu ni faulo, si hatua, lakini somo ni lilelile. Waligundua kwamba mchezaji aliamuliwa faulo nyingi kidogo zaidi pale ambapo marefa hawakuwa wa rangi yake. Tofauti ilikuwa ndogo, tena hakuna refa aliyeshikwa akisema neno baya. Habari hiyo ilipotangazwa magazetini mwaka 2007 ligi ilipinga vikali. Ajabu ni kwamba utafiti uliofuata, wa haohao wawili wakishirikiana na Devin Pope, uligundua kwamba katika miaka iliyofuata tangazo hilo ile tofauti ilitoweka, nao wakalihusisha jambo hilo na kule kuanikwa kwa habari yenyewe. Yaonekana mtu akijua anatazamwa, na akajua ni nini kinachotazamwa, hujichunga.

Ndiyo maana naona mageuzi yaliyo na maana katika uamuzi wa mpira huu ni yale yanayoweka mambo wazi. Chukua mfano wa Mei 2002. Timu ya Los Angeles Lakers ilikuwa ikicheza na Sacramento Kings katika mchezo wa nne wa mchujo wao. Mwishoni mwa nusu ya kwanza Samaki Walker (naam, jina lake ni Samaki, na hilo la pili kwa Kiingereza ni mtembeaji, ingawa kosa la siku hiyo halikuwa la kutembea) alirusha mpira kutoka mbali na kupata pointi tatu. Picha zilionyesha kwamba muda ulikwisha mpira ukiwa bado mkononi mwake. Pointi zikahesabiwa hivyohivyo. Lakers walishinda kwa pointi moja, 100 kwa 99. Hesabu mwenyewe! Msimu uliofuata NBA ikaanza kuwaruhusu marefa watazame marudio ya picha.

Kisha kuanzia Machi 2015 ligi imekuwa ikichapisha, siku inayofuata mchezo, ripoti ya maamuzi ya dakika mbili za mwisho katika michezo ambayo timu zimekaribiana. Kila kipenga kilicholia, na kila kilichostahili kulia kikanyamaza, huandikwa kama kilikuwa sahihi au la. Wapo wanaoipinga wakisema haibadilishi matokeo, kwa hivyo ni kama kumpelekea mgonjwa dawa baada ya mazishi. Mimi naiunga mkono. Aliyeshindwa harudishiwi ushindi, ni kweli, lakini huwezi kumshtaki refa kwa upendeleo, wala kumwondolea lawama hiyo, kama hakuna mahali palipoandikwa alichofanya jana na juzi.

Tangu msimu wa 2019 hadi 2020 kocha naye anaweza kusimamisha mchezo na kudai uamuzi utazamwe upya. Anaweza kudai kuhusu faulo ambayo mchezaji wake ameamuliwa, kuhusu mpira uliotoka nje, na kuhusu mpira ulioguswa ukiwa unashuka kuingia kikapuni. Kutembea na mpira hakumo katika orodha hiyo. Kosa linalozua kelele kuliko yote ndilo ambalo kocha hawezi kulidai!

Naelewa sababu. Wakiruhusu hatua zidaiwe, kila kikapu kitakuwa na kesi yake, na picha ya polepole italazimika kuamua sehemu ya sekunde ambayo mpira ulitua mkononi. Lakini kama mimi ningekuwa na kura, ningeliruhusu dai hilo katika dakika mbili za mwisho tu, na mara moja tu kwa kila timu. Wenzangu wa upande wa pili watasema mchezo utachelewa. Utachelewa kwa nani? Dakika hizo mbili za NBA, pamoja na kusimamasimama kwake na matangazo ya biashara, tayari zinatosha kusonga sima, kuila na kuosha sufuria.