Shamba la Mzee, Simu ya Mwana

Mkaazi wa Mbaraki huenda asiwe na shamba ila vyungu vya mchicha na sukumawiki kwenye roshani. Lakini wengi wetu tuna shamba jingine: la wazazi, ng'ambo ya feri ya Likoni kuelekea Kwale, au upande wa Kisauni na Kilifi. Anayelilima ni mzee. Watoto wako mjini wakitafuta riziki, na mfukoni wana simu zinazoweza kumfaa.

Somo la toleo hili lina swali moja: teknolojia hiyo itamfikiaje mzee bila kumfanya mgeni katika shamba lake mwenyewe?

1. Anza na shida, si chombo

Husemwa kwamba wazee hawapendi mambo mapya. M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, wazee wengi ambao hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki walijifunza kuitumia. Hawakuitwa darasani. Walikuwa na haja: pesa za mtoto aliye mjini zifike nyumbani. Kilimo nacho ni hivyo hivyo. Muulize mzee kinachomtia hasara, kisha umtafutie chombo kinachokabiliana na hasara hiyo.

2. Mfano wa muhogo

Muhogo wa Pwani husumbuliwa na magonjwa mawili makubwa. Batobato hukunja majani na kuyatia mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ni ya hila zaidi, kwani mmea waweza kuonekana mzima juu huku mizizi inaoza ndani. Yote mawili huenezwa na nzi weupe. Huenezwa pia na mkulima mwenyewe, anapokata pingili kwenye mmea mgonjwa na kuzipanda msimu unaofuata. Hasara huonekana miezi mingi baadaye, siku ya kuvuna.

Hapa simu janja ina kazi. Programu ya Nuru, iliyobuniwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani pamoja na washirika wake, hutambua dalili za magonjwa haya kupitia kamera. Hutoa maelezo kwa Kiswahili, na ukishaipakua, ukaguzi hauhitaji intaneti. Usitosheke na jani moja: kukagua majani sita ya mmea mmoja huleta jibu la kutegemeka zaidi.

Hata hivyo, kamera huona jani tu. Haijui ni pembe gani ya shamba iliyotoa mihogo yenye madoa mwaka jana. Mzee anajua. Kwa hivyo tembeeni wawili, kwa utaratibu huu:

- Kabla ya kukata pingili, mwombe mzee akuonyeshe mashina anayoyaamini na yale anayoyatilia shaka.
- Kagua majani kwa simu, yeye akiishika.
- Wakati wa kuvuna, kateni mizizi ya kila shina mnalotaka kupata mbegu. Mkiona madoa makavu ya kahawia ndani, msipande pingili zake.
- Mkikosa pingili safi, muulizeni afisa wa ugani. Kituo cha KALRO Mtwapa kimefanya utafiti wa mihogo ya Pwani kwa miaka mingi, na aina kama Tajirika, Shibe na Karembo zimetoka huko.

Angalia pia ulimi wako. Ukisema, "Lete hiyo simu, hujui," somo limeisha. Sema, "Babu, hebu nionyeshe lile shina lililokusumbua," na mtakaa shambani hadi jua lizame.

3. Ujumbe usiosomwa

Si kila teknolojia inahitaji simu ya bei. Katika mpango wa kitaifa wa mbolea ya ruzuku ulioanza mwaka wa 2022, mkulima aliyesajiliwa hupokea ujumbe kwenye simu. Mulika mwizi inatosha. Lakini ikiwa alisajiliwa kwa laini iliyopotea, au ujumbe ukakaa bila kusomwa kwa sababu macho yamechoka, msimu hupita na mbolea yake haipati.

Kwa hivyo hakikisha namba iliyosajiliwa ni ile anayoitumia, na ukuze maandishi ya simu yake. Mkumbushe pia kwamba namba ya siri ya M-Pesa ni yake peke yake. Anayeipigia simu kuiomba, hata akijiita afisa wa kilimo, ni tapeli.

4. Zoezi la nyumbani

Wikendi hii, mpigie mzee wako simu na umuulize maswali matatu: Ni zao gani lilikutia hasara msimu uliopita? Ulipata wapi mbegu? Umesajiliwa kwa namba gani? Yaandike majibu. Ukienda kumtembelea, nenda nayo.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za ugani ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo muulizie afisa wa ugani katika ofisi ya kilimo ya kaunti lilipo shamba, na umjulishe kwa mzee kwa jina na namba. Wewe utarudi mjini Jumatatu. Afisa huyo atabaki karibu naye.